Historia ya Midia Anuwai Same na Milima ya Upare

Somo linaloitwa midia anuwai shirikishi na usanifu, ambalo sasa linafundishwa kwa majina mbalimbali katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ni elimu ya kuunganisha maandishi, picha, sauti, video na uhuishaji, yaani michoro inayopewa mwendo, katika kazi moja ambayo mtumiaji haishii kuitazama bali huiamuru, huichagulia njia na kuijibu. Ushirikishi huo ndio unaolitenga somo hili na ufundi wa filamu au wa uchapaji, kwa sababu filamu huenda hadi mwisho wake iwe imetazamwa na mtu mmoja au na watu elfu moja, ilhali kazi shirikishi haikamiliki mpaka mtumiaji atende jambo fulani. Waandishi wa historia ya somo hili kwa kawaida huianzia Marekani: humtaja Ivan Sutherland, aliyebuni mwaka 1963 programu ya Sketchpad iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta, na Douglas Engelbart, aliyewaonyesha wataalamu wa San Francisco, Desemba 1968, namna maandishi, picha na kipanya vinavyoweza kufanya kazi pamoja. Kwa upande wa mashine historia hiyo ni ya kweli. Lakini kwa upande wa mafunzo yenyewe, yaani desturi ya kumfundisha mtu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja na kumtaka atoe jibu, historia ni ndefu zaidi na ina makao mengi, na mojawapo ya makao hayo ni Same na Milima ya Upare, ambako jambo hili linaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua tangu enzi za watawala wa kale hadi kwa kijana anayeshuka leo mlimani kwenda chuo kikuu.

Milima ya Upare iko katika Mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini-mashariki ya Tanzania, kati ya Mlima Kilimanjaro na Milima ya Usambara. Upare wa Kaskazini, wenye Usangi na Ugweno, uko katika Wilaya ya Mwanga. Upare wa Kusini, ambao kilele chake cha Shengena kinazidi mita 2,400, uko katika Wilaya ya Same, na mji wa Same wenyewe umekaa chini tambarare, kandokando ya barabara kuu na reli. Wenyeji walio wengi ni Wapare, ambao kwa lugha yao ya Chasu hujiita Vaasu, na upande wa Ugweno wapo wasemaji wa Kigweno, lugha iliyo tofauti na Chasu. Sura hii ya nchi imetawala historia ya mawasiliano yake: mashamba, koo na kumbukumbu viko juu, ilhali ofisi, reli na nguzo za umeme vilianzia chini, na kwa hiyo karibu kila chombo kipya cha kufundishia kilifika kwanza tambarare kabla ya kupanda mlima, na mara nyingi kilichukua miaka mingi njiani.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare kilitoka mwaka 1969 na kilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya masimulizi ya wazee wa milimani, anaeleza kwamba Ugweno ya kale ilitawaliwa na ukoo wa Washana, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma, ambao bidhaa zao ziliuzwa hata nje ya Upare. Ufundi huo ulikuwa usanifu kwa maana kamili ya neno hilo, yaani kuamua umbo la kitu kwa kuzingatia kazi yake na mkono wa atakayekitumia. Baadaye, katika kipindi ambacho Kimambo anakikadiria kuwa karne ya 16, ukoo wa Wasuya ukiongozwa na Angovi uliwapindua Washana, na Mranga, mwana wa Angovi, akaipanga nchi upya. Miongoni mwa mambo aliyoyaimarisha ni mafunzo ya kuwaingiza vijana katika utu uzima, yaliyofanyika katika msitu uliotengwa na kujulikana kama mshitu, akayafanya kuwa wajibu wa nchi nzima badala ya kuyaacha mikononi mwa kila ukoo peke yake. Hapo ndipo panapoonekana kwa mara ya kwanza, katika historia inayojulikana ya milima hii, serikali ikitumia mfumo mmoja wa elimu kuwaunganisha watu wa koo mbalimbali.

Mafunzo ya aina hiyo hayakutegemea njia moja. Hans Cory, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechunguza mila za makabila ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu vinyago vya udongo vilivyotumika katika mafunzo ya vijana, na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilitoka kaskazini-mashariki ya nchi, wakiwemo Wasambaa, Wazigua na Wanguu, majirani wa Wapare. Kilichomvutia ni kwamba kinyago hakikusimama peke yake, bali kila kimoja kilikuwa na wimbo wake, wimbo ulikuwa na fumbo, na fumbo lilikuwa na maana iliyofichwa ambayo mwanafunzi alipaswa kuijua na kuweza kuitamka mbele ya wakubwa. Macho, sikio, ulimi na mwili viliitwa kazini pamoja, na somo halikuhesabiwa kuwa limefika mpaka kijana ajibu. Haifai hata hivyo kuipamba desturi hii kupita kiasi, kwa kuwa mshitu wa Upare ulikuwa pia chombo cha utawala, uliendeshwa kwa amri na kwa ukali, na jibu lililotakiwa lilikuwa lile lile walilokwisha kulijua wazee. Mwanafunzi alishirikishwa katika kujifunza, lakini hakushirikishwa katika kuamua nini kifundishwe. Tofauti hiyo ndiyo itakayotumika hapa kuvipima vyombo vyote vilivyofuata, kwa sababu ndiyo inayotenganisha ushirikishi wa kweli na ushirikishi wa juu juu.

Ukurasa uliochapwa ulipanda Upare pamoja na wamisionari wa Kijerumani. Walutheri wa Misheni ya Leipzig walianza kazi Shighatini, Upare wa Kaskazini, mwaka 1900, na Waadventista Wasabato walifika Giti, Upare wa Kusini, mwaka 1903. Mmoja wa Waadventista hao, Ernst Kotz, alitoa sarufi ya Chasu mwaka 1909, na Agano Jipya katika lugha hiyo likachapishwa mwaka 1922. Jakob Dannholz, Mlutheri aliyekaa Mbaga, alichapisha mwaka 1916 kitabu kuhusu imani na mila za Vaasu. Kwa maandishi haya Chasu ilipata sura ya kuonekana kwa macho, na kijana wa Mbaga au Mamba aliweza kujifunza bila mwalimu kuwa karibu naye. Faida hiyo ilikuwa kubwa, na ari ya kusoma ambayo Wapare wamejulikana nayo hadi leo ina mizizi yake katika shule hizo za milimani. Hata hivyo njia nyingi zilipungua zikabaki mbili, maandishi na wimbo wa kanisani, na namna ya kujibu ikawekewa mipaka zaidi ya hapo awali, kwa kuwa katika katekisimu, yaani kitabu cha mafundisho ya dini kilichopangwa kwa maswali na majibu, swali na jibu vyote viwili vilikwisha kuchapwa kabla mwanafunzi hajafungua kinywa.

Reli iliyotoka Tanga ilipita chini ya milima hii na kufika Moshi mwaka 1911, na robo karne baadaye, ng'ambo ya bonde la mto Mkomazi linaloitenga Milima ya Upare na ile ya Usambara, lilifanyika jaribio ambalo wanafunzi wa midia anuwai wa leo wangepaswa kulisoma kwa makini kuliko wanavyolisoma. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika kijiji cha Vugiri karibu na Korogwe, palikuwa na makao ya mradi wa filamu za kuelimisha Waafrika, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani na kuendeshwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Filamu zipatazo 35 zilipigwa na kusafishwa hapo hapo Usambara, kuhusu afya, kilimo, kodi, benki ya posta na mambo ya namna hiyo, na kwa kuwa filamu hizo hazikuwa na sauti ndani yake, maelezo na muziki vilirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za nchi ambamo zilionyeshwa. Lori lenye mashine za kuonyeshea lilizunguka Tanganyika na makoloni ya jirani hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Kiufundi, mradi wa Vugiri ulikuwa midia anuwai iliyowahi wakati wake: picha ya mwendo ilitenganishwa na sauti, sauti ikaweza kubadilishwa kulingana na lugha ya watazamaji, na kazi moja ikawafikia watu wa makabila mengi bila kupigwa upya. Mwanafunzi wa leo anayejifunza kuandaa kazi moja yenye sauti za lugha kadhaa anafanya jambo lile lile kwa zana nyingine. Lakini wabunifu wa Vugiri waliamini kwamba Mwafrika wa kijijini alipaswa kupewa hadithi nyepesi zenye mema na mabaya yaliyo wazi, na kwa hiyo filamu nyingi zilimwonyesha mtu mjinga na mtu mwerevu, kisha zikamwachia mtazamaji achague mwerevu, uchaguzi ambao haukuwa uchaguzi. Waafrika waliigiza na kusaidia kutafsiri maelezo. Uamuzi wa nini kisemwe ulibaki kwa wageni. Kasoro hiyo haikutokana na uhaba wa vifaa, na ni muhimu kulisema jambo hili waziwazi, kwa kuwa hata sasa wapo wanaodhani kwamba vifaa bora huleta mafunzo bora vyenyewe.

Kwamba watu wa Upare walikuwa na majibu yao hata pale ambapo hawakuulizwa, kulidhihirika Same kwenyewe miaka michache baadaye. Utawala wa kikoloni ulianzisha kodi ya ngazi, yaani kodi iliyotofautiana kulingana na mali ya mtu, na ukaipa jina la mbiru, lililochukuliwa kutoka katika utaratibu wa kale wa Wapare wa kuwatolea watawala wao, kwa matumaini kwamba jina la asili lingeifanya kodi ionekane kuwa yao. Wapare hawakudanganyika. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani, wakakusanyika Same kwenye makao ya wilaya kudai kodi hiyo iondolewe, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi waliingia katika mapambano hayo kwa maandamano ambayo serikali haikuyatarajia, hata mwishowe mfumo huo ukaachwa. Kimambo aliliandikia tukio hili utafiti wa pekee. Kwa msomaji wa historia ya usanifu, mbiru ni mfano wa kazi iliyobuniwa mezani, ikapewa sura ya kienyeji, na haikujaribiwa mbele ya wale watakaoibeba. Wanafunzi wa vyuo vikuu hufundishwa leo, katika mihula ya mwanzo, kwamba hakuna kosa kubwa la usanifu kuliko hilo.

Baada ya uhuru, redio ndiyo iliyopanda mlima kwa kasi kuliko chombo kingine chochote, kwa sababu haikuhitaji barabara nzuri wala umeme wa gridi. Ilihitaji betri tu. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilitumia mwaka 1970 vikundi vya kusikiliza redio katika kampeni ya Uchaguzi ni Wako, ikafuatiwa mwaka 1971 na Wakati wa Furaha iliyoadhimisha miaka 10 ya uhuru, na mwaka 1973 ikaja kampeni kubwa ya Mtu ni Afya, iliyodumu wiki 12 na kuwashirikisha watu wapatao milioni 2 nchi nzima. Utaratibu wake unastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Kikundi cha majirani kilikutana mara kwa mara kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Redio ilitoa kipindi cha wiki hiyo. Kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili rahisi na kuchapwa kwa ajili ya watu waliotoka katika madarasa ya kisomo kilisomwa kwa sauti. Kisha kikundi kilijadili jinsi jambo hilo lilivyo katika kijiji chao, kikaamua la kufanya na kulifanya, iwe ni kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba au kusafisha chanzo cha maji. Mwaka 1975 utaratibu huo ulirudiwa katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Ukilinganishwa na onyesho la Engelbart la miaka mitano tu kabla yake, mpango wa Mtu ni Afya hauna kioo wala kipanya, na vitabu vya historia ya kompyuta kwa kawaida haviutaji. Hata hivyo ulikuwa na viungo vyote vya midia anuwai shirikishi: sauti, maandishi, mazungumzo na tendo, vikiwa vimepangwa ili kila kimoja kiongoze kwenye kingine, na jibu la mshiriki halikuwa neno la kukariri bali shimo lililochimbwa, linaloonekana na kila apitaye. Kikundi cha kijiji cha milimani kama Chome hakikuwa na uwezo wa kubadilisha kipindi cha redio kilichotoka Dar es Salaam, na huo ulikuwa upungufu wake. Lakini kilikuwa na uwezo wa kuamua kipindi hicho kina maana gani Chome. Hukumu ya haki ni kwamba katika historia yote inayosimuliwa hapa, hakuna mpango uliomheshimu mwanafunzi wa kijijini kuliko huu, na ni hasara kwamba haufundishwi kama sehemu ya urithi wa usanifu wa Tanzania.

Elimu ya chuo kikuu yenyewe ilichukua njia nyingine. Kwa kizazi cha kwanza cha vijana wa Upare waliofika chuo kikuu, kama Cleopa Msuya wa Usangi, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, mahali pa kwenda palikuwa Makerere, Uganda, na huko ndiko Margaret Trowell alikokwisha kuanzisha, katika miaka ya 1930, shule ya sanaa iliyomlea Sam Ntiro wa Kilimanjaro, mchoraji ambaye baadaye alikuwa balozi wa Tanganyika mjini London. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mafunzo ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na mwaka 1975 yakaunganishwa na uchoraji na muziki katika idara moja. Kutoka katika idara hiyo walitoka wasomi kama Penina Mlama na Amandina Lihamba, walioendeleza katika miaka ya 1980 tamthilia ya maendeleo, yaani maigizo ambayo wanakijiji wenyewe huchagua tatizo, huliigiza na kulijadili. Kazi yao ilikwenda hatua moja mbele ya redio, kwa kuwa sasa mshiriki aliweza kuuliza swali, si kulijibu tu.

Upande wa mashine hali ilikuwa ngumu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya jaribio la kuitumia katika hesabu za serikali kushindwa, serikali ilipiga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, marufuku iliyolegezwa katika miaka ya 1980. Televisheni nayo haikuwepo Tanzania Bara hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Matokeo yake ni kwamba wasanii na wahandisi wa nchi hii walilelewa katika nyumba mbili tofauti: wa kwanza walijua hadhira lakini hawakugusa mashine, na wa pili, walipozipata mashine, walijifunza hesabu zake bila kufundishwa hadhira. Somo la midia anuwai lilihitaji ndoa ya nyumba hizo mbili, na ndoa hiyo ilichelewa.

Sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano ilitolewa mwaka 2003. Mwaka uliofuata, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini ambazo kiolesura chake, yaani sehemu ya programu ambayo mtumiaji huiona na kuigusa, kilikuwa kwa Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mtu aliyesoma Kiswahili peke yake aliweza kuambiwa na kompyuta nini cha kufanya kwa lugha anayoifahamu. Mwaka 2009 mkongo wa mawasiliano wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na gharama za intaneti zikaanza kupungua. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilifungua katika ndaki yake ya elimu ya kompyuta shahada inayohusu teknolojia ya midia anuwai na uhuishaji, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ikaanzisha mafunzo ya midia anuwai na filamu katika ngazi ya stashahada. Kwa kawaida mwanafunzi wa kozi hizi hujifunza kuchora, kupiga picha, kuhariri sauti na video, kuandika programu, kubuni violesura, na kujaribu kazi yake mbele ya watumiaji kabla ya kuitoa.

Kijana wa Same anayetaka somo hili hana budi kuondoka. Umeme wenyewe unazalishwa karibu na kwao, katika bwawa la Nyumba ya Mungu wilayani Mwanga, lakini vijiji vingi vya juu viliungwa kwenye gridi kwa taratibu, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007, na mtoto aliyesoma sekondari bila maabara ya kompyuta hukutana na zana za fani yake kwa mara ya kwanza akiwa tayari chuoni. Pengo hilo ni la kweli na halifai kufichwa. Lakini anayetoka milimani huenda pia na kitu ambacho hakipatikani katika maabara: anajua jinsi habari inavyopokelewa na watu wanaoishi mbali na barabara, kwa lugha mbili, wengi wao wakiwa na simu ndogo ya vitufe.

Mfano wa kazi iliyoliona jambo hilo upo. Januari 2014 bado nyumba nyingi za Tanzania hazikuwa na televisheni, lakini katika mwezi huo TBC1 ilianza kuonyesha Ubongo Kids, kipindi cha uhuishaji kilichotengenezwa Dar es Salaam kufundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na ambacho kiliwaruhusu watoto kujibu maswali kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida na kupata majibu ya kuwatia moyo kutoka kwa wahusika. Wabunifu wake hawakusubiri kila mtoto awe na kompyuta, bali waliufanya ushirikishi upitie kifaa kilichokuwa tayari mkononi mwa mzazi. Miaka minne kabla yake, mfululizo wa Tinga Tinga Tales, uliochukua sura yake kutoka mtindo wa uchoraji wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, ulihuishwa Nairobi katika studio ya Homeboyz na kuonyeshwa Uingereza na Marekani. Sanaa ilikuwa ya Tanzania, na wahuishaji wakapatikana Kenya. Kwa nchi yenye wachoraji wengi kiasi hicho, huo ni ushahidi tosha wa bei ya kuchelewa kufundisha.

Kinachobaki kufanywa Upare ni kikubwa, na sehemu yake haiwezi kungoja. Ndiva, mabwawa madogo ya asili yanayojazwa maji usiku na kufunguliwa mchana ili maji yagawiwe mashambani kwa zamu, bado yapo katika vijiji vya milimani, na kanuni za zamu hizo zimehifadhiwa vichwani mwa wazee. Nyimbo na mafumbo ya mafunzo ya kale yamebaki kwa wachache. Na wazee waliokuwa watoto wakati watu waliposhuka Same kwa ajili ya mbiru sasa wamezidi miaka 80. Hakuna vifaa vinavyofaa kuhifadhi mambo ya namna hii kuliko midia anuwai shirikishi, ambayo inaweza kubeba sauti ya mzee kwa Chasu au Kigweno, picha ya ndiva, ramani ya mifereji na tafsiri ya Kiswahili mahali pamoja, na kumruhusu mtoto wa kijiji cha Upare kama Gonja kuuliza na kuongeza alichoambiwa na bibi yake. Vyuo vinavyofundisha somo hili vinaombwa viwape wanafunzi wao wanaotoka Same na Mwanga miradi ya mwaka wa mwisho katika vijiji vyao wenyewe, viwadai wakae na wazee kabla ya kuchora kiolesura chochote, na visiipe alama kazi yoyote ambayo haijapandishwa tena mlimani ikajaribiwa na wale walioisimulia.